Malalamiko Kuhusu Mashine ya Ngoma Isiyovumilia Moto

Kwa Bi Nasma,
Mwenye Duka la Michezo,
Kirongwe, Mafia.

Shemeji yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako ya juzi niliipokea, ila niliitikia kwa mkato kwa kuwa mkono wangu ulikuwa ndani ya ndoo ya maji. Naandika rasmi, ingawa nyumba zetu zinatazamana, kwa sababu jambo lenyewe si la kupigiana kelele uani.

Nalalamikia ile mashine yako ya mchezo wa ngoma, ambayo taa zake hushuka kwenye kioo na mchezaji hutakiwa kupiga ngoma iliyofungwa chini yake kila taa inapofika mstarini. Mimi ni muungwana, nitaanza na sifa zake. Haichoki. Haidai kahawa kabla ya kuanza. Haigombei kukaa karibu na shehe. Sauti yake si mbaya, na taa zinapendeza. Sifa zimekwisha.

Kasoro ni hizi:

1. Haimsubiri mtu. Sisi wa dufu, mzee akianza kufuta machozi kwenye ubeti uliomgusa, tunaurudia mpaka atosheke. Nilipourudia mbele ya mashine yako, iliniandikia kwa herufi nyekundu kwamba nimekosa. Nimepiga dufu tangu hujazaliwa, Shemeji, na hakuna aliyewahi kuniandika mbele za watu.

2. Haina haya. Dada yako Kidawa, mke wangu, ambaye hajawahi kupiga kitu zaidi ya kutwanga, alijaribu mara moja tu akapewa nyota zote. Siku hizi nikifanya mazoezi nyumbani, ananiambia kutoka jikoni kwamba nimechelewa.

3. Imeniharibia mwanangu Luqmani. Huyo ndiye niliyetaraji ashike kundi baada yangu. Tunakwenda Ndagoni kupiga kwenye harusi ya Muna, naye kwenye mazoezi anatazama ukuta, anangoja taa zishuke. Nikinyamaza ili apokee, hapokei. Hili limeniuma kuliko yote, na sioni aibu kulisema. Sina mwingine wa kumwachia.

4. Haivumilii moto. Kila mtu hapa kisiwani anajua kwamba ngoma ikilegea hupashwa moto, ngozi ikakaza. Siku ile ilikuwa ya mvua, nikasikia sauti ya mashine imepooza. Nikawasha makumbi ya nazi, kwa uangalifu kabisa, nikaisogezea. Badala ya kukaza, ngozi yake ilinywea kama chapati mbichi, ikatoa harufu iliyowakimbiza wateja wako. Mkono niliuunguza nikijaribu kuinyoosha. Hakuna palipoandikwa kwamba isipashwe. Ngoma isiyojua moto inadanganya umma, na mimi ndiye niliyedhurika.

Kwa hiyo naomba mashine hiyo iondolewe Kirongwe. Ipelekwe Ras Mkumbi, kwenye mnara wa taa, ikashindane na taa mwenzake. Na kabla ya kuondoka iniombe radhi kwa maandishi, kwa rangi ile ile, mbele ya watu wale wale.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mkono unaendelea vizuri. Nisalimie Ally wa hapo dukani, aliyemwaga maji ya kuoshea vyombo, nusu juu ya moto na nusu juu yangu. Wasalimie pia wateja wote waliocheka, kila mmoja kwa jina lake. Nawafahamu.

Ni mimi shemeji yako, niliyekasirika kwa adabu,
Hilal Shaibu,
Kiongozi wa Kundi la Dufu.

N.B. Barua hii nilikuwa nimekwisha kuikunja, Luqmani akaja. Alileta boksi tupu, akalichora mistari, akaketi ubavuni pangu na kunionyesha kwa vidole ni wapi huwa nachelewa. Tulipiga boksi lile mpaka adhana ya alasiri. Ni miaka mingi mwanangu hajaketi nami hivyo. Basi usiiondoe mashine, Shemeji. Mwite fundi haraka. Na tafadhali, usimwambie Luqmani kwamba nilielewa tangu mara ya kwanza aliponionyesha.