Balbu ya Jikoni kwa Mama Karambu

(Kanja, Embu, uani kwa Mama Karambu. Mheshimiwa Misheck Njura, Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi wa Balbu za Jikoni, anagonga maikrofoni mara tatu na kukohoa mara nne.)

Mgeni wa heshima, ambaye leo kwa sababu zisizoweza kuzuilika ni mimi mwenyewe, Bwana Chifu, naibu wa chifu na wote wanaotarajia kuwa naibu wa chifu, mchungaji wetu na mama mchungaji, viongozi wa vyama vya kahawa, vya majani chai na vya maziwa, walimu wakuu, na walimu wa kawaida, vijana wa boda boda mliofika kutoka Runyenjes bila kualikwa, Mama Karambu, mwenye boma na mwenye jiko hili, itifaki zote zikizingatiwa, na zile ambazo hazikuzingatiwa zisamehewe: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa sauti chache zaidi.)

Ndugu zangu, leo tunaandika historia. Kwa muda wa miaka mitatu kamati yangu, ambayo mimi ndimi mwenyekiti na pia, kwa unyenyekevu, katibu, imekuwa ikipambana na swali ambalo serikali nyingi duniani zimelikimbia, nalo ni hili: mama anayepika githeri, mahindi yake na maharagwe, anafaa kuangaziwa na balbu gani? (Mbuzi analia.) Tulifanya feasibility study. Tukafanya public participation pale Runyenjes, ndani ya hoteli, mlango ukiwa umefungwa ili maoni yasitoroke. Tukaenda benchmarking ng'ambo siku kumi na moja, tukaona majiko ambayo hayajawahi kuona jivu. Huko ndiko tulikogundua kwamba kuna mwanga wa manjano, ambao wataalamu huuita warm white, unaofaa sebuleni, na kuna mweupe, yaani cool white, unaofaa jikoni, kwa maana unaonyesha sukuma wiki ikiwa kijani na nyama ikiwa imeiva; na takwimu zetu zinathibitisha kwamba asilimia tisini na saba nukta nne ya chumvi inayozidi katika kaunti hii inazidi kwa sababu ya giza. (Makofi kutoka meza kuu.)

(Mama Karambu anasimama. Mkono wake umefungwa kitambaa tangu sufuria ilipomchoma gizani. "Mheshimiwa, si mimi nilisema tangu ile siku ya kwanza? Iwekwe tu hapo juu ya moto, si nyuma yangu. Ikiwa nyuma najizibia na kivuli, sioni kama maharagwe iko na mawe.")

Asante, mama, keti. Mnaona jinsi wananchi wanavyoelimika? Alilolisema mama kwa pumzi moja ndilo lililomo kwenye ripoti yetu ya kurasa mia mbili na kumi, isipokuwa sisi tumeweka michoro. Mimi si mtu wa kujisifu. Ni watu wenye busara wanaonisifu, na mimi huwa sipendi kubishana na wenye busara.

Lakini, wapendwa, balbu bora haiwekwi ovyo ovyo. Wataalamu wangu walipoingia humu waliona, kwa masikitiko makubwa, ukuta mweusi tititi, mawe matatu ya moto katikati, na juu yake uchaga wenye mbegu za mahindi zinazopigwa moshi. Nikasema hapana! Masizi yanameza lumens, yaani nguvu ya mwanga! Ndipo nikaagiza, kwa mamlaka niliyojipatia, mawe yatolewe nje, uchaga ubomolewe na ukuta upakwe rangi. Tazameni wenyewe! (Watu wanatazama. Jiko ni jeupe kama kanzu ya kasisi, na ndani hamna kitu.)

("Na mimi wiki tatu napikia hapo kwa migomba, na hii baridi na manyunyu," anasema Mama Karambu. "Mbegu yangu bila moshi imeingia wadudu. Na Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya binti yangu Gatwiri. Nitawapikia wapi?")

Hilo, mama, liko kwenye phase two. (Kicheko.) Msicheke. Phase two itaanza mara moja baada ya phase one kuanza. Na ikikamilika, hata watu wa Muthara kule Tigania, ambao si wa kaunti yetu, watatoka nje wauone mwanga wetu. Sasa tuwashe! Moja, mbili, tatu! (Jenereta inanguruma nyuma ya migomba. Balbu inawaka. Vigelegele. Mama Karambu anaingia jikoni. Binti yake Gatwiri na jirani yao Kagure wanamfuata. Kila mmoja amebeba jiwe moja jeusi, na kichwani kuni au sufuria. Meza kuu inatazama kamera.)

Nikisema "Mwanga!" mnasema "Jikoni!" Mwanga! (Jikoni!) Giza! (Jikoni!) Hapana, hapo mnasema "Kwaheri!"

Kabla ya kuketi natoa shukrani. Namshukuru Bwana Kivuti wa dukani, aliyetuazima balbu hii kutoka bafuni kwake, na ambaye ameomba irudi ikiwa nzima kabla ya saa kumi. Nawashukuru vijana wa mahema ya harusi, wenye jenereta, ambao lori lao limeshawashwa pale barabarani. Namshukuru fundi Muchangi kwa waya wa mita sita, ambao kwa sasa ndio mtandao wetu wote wa umeme. Na zaidi nawashukuru nyinyi kwa makofi, maana bila picha za makofi tusingeweza kuandika barua ya kuomba mradi wenyewe. (Minong'ono.)

Fundi, fungua balbu. (Mlango wa jiko unafungwa kwa ndani.) Mama Karambu? Mama, hiyo ni mali ya mtu. (Moshi unaanza kutoka chini ya mabati.) Mama, hiyo rangi ni mpya!

("Ngoja kwanza maharagwe iive, Mheshimiwa," sauti inatoka ndani. "Leo naona kila kitu.")

(Vijana wa mahema wanatazamana. Mmoja anaenda kuzima lori. Wengine wanauliza sahani ziko wapi.)