Mawe ya Makaburi na Kitanda cha Kakuma

Jumatatu, 5 Novemba 2012

Ketty anaota meno. Usiku sikulala. Juzi pia sikulala.

Jana kanisani lilisomwa tangazo kutoka Kakuma. Kijana anaitwa Mawien anatafuta watu wa kujitolea hapa Lodwar, wapige picha mawe ya makaburi azitie kwenye mtandao, ili waliotawanyika nchi za nje waone wazee wao wamezikwa wapi. Kazi nzuri. Nikaendelea kusinzia. Halafu nikasikia kwamba atakayetuma picha nyingi zaidi kufikia Jumatano ya wiki ijayo atakuwa msimamizi wa Lodwar, na ataitwa Kakuma kwa mafunzo ya siku tatu. Nyumba ya wageni. Feni. Kitanda cha mtu mmoja. Watoto hawaruhusiwi.

Niliinua mkono kabla tangazo halijaisha. Jirani yangu Jerotich akainua wake. Huyu ana watoto watatu na bado anapiga pasi hadi leso.

Nakitaka hicho kitanda kuliko nilivyotaka kuolewa. Baba Ketty amekubali nitumie simu yake yenye kamera, mradi nisimmalizie chaji.

Jumatano, 7 Novemba

Makaburini, Ketty mgongoni. Jua kali. Misalaba ya mbao imeliwa na mchwa, majina yamefutwa na mchanga. Yako mawe machache ya simiti, na kwenye kivuli cha kila jiwe amelala mbuzi.

Mwenye mbuzi anaitwa Nawoi. Tuliamkiana ejok, akauliza nina nani pale. Nikasema sina mtu. Akauliza mbona basi napiga picha watu wasioweza kukataa. Nikamweleza habari za mtandao. Akafikiri, akasema sawa, lakini mbuzi wake wapigwe pia, na nisiwakate miguu.

Jerotich alikuwa upande wa pili na mwavuli, ndoo na brashi ya viatu. Anaosha kila jiwe na kuliambia pole. Akanipungia mkono. Na mimi nikampungia, kwa ubaya.

Ijumaa, 9 Novemba

Mawien alipiga simu. Ana adabu sana. Alisema, dada, asante kwa moyo wako, ila tunaomba mawe bila mbuzi. Picha moja ilikuwa ya mbuzi peke yake. Nikauliza za Jerotich zimefika ngapi. Akasema hawezi kutaja, ila ni safi ajabu.

Kwa jua lile sirudi. Nikitoka dukani nikapita kwa Opondo, fundi anayetengeneza mawe ya makaburi hapa Kanamkemer. Ameyapanga uani chini ya turubai: ya msalaba, ya kitabu kilichofunguliwa, moja kubwa lenye njiwa. Karibu yote yameshaandikwa majina. Kuna kivuli. Kuna kiti. Hakuna mbuzi. Opondo mwenyewe alikuwa amelala, mdomo wazi, nikamwonea wivu.

Jiwe ni jiwe. Kaburi litalifuata. Nikayapiga yote, lenye njiwa mara mbili. Ketty hakulia hata kidogo. Nimeona hiyo ni ishara.

Jumapili, 11 Novemba

Mawien amefurahi, ameshaziweka zote kwenye mtandao, naambiwa naongoza. Baada ya ibada Jerotich aliuliza lile la njiwa nililipata upande gani, maana makaburi yote ameyazunguka. Nikamwambia mtu lazima ajitume.

Nimeanza kufunga mzigo wa Kakuma. Ni gauni la kulalia tu.

Jumatano, 14 Novemba

Nimeshinda. Naondoka Jumatatu. Baba Ketty aliuliza mtoto atabaki na nani. Nikamwambia na baba yake. Akakohoa muda mrefu.

Alhamisi, 15 Novemba

Asubuhi nikasikia honi na vilio. Pickup kutoka Siaya, matawi mbele, vitambaa vyekundu kwenye vioo, imejaa watu wenye vumbi la siku mbili. Ikasimama kwa Opondo. Nikafuata na Ketty mgongoni.

Opondo alikuwa anakula ugali na samaki wa Kerio. Aliposikia vilio akajua ni wateja. Akanawa, akachukua futi, akatoka akiwapa pole na kuuliza marehemu anaitwa nani. Wakasema Opondo. Akasema basi huyo ni wajina wake, jiwe atawatengenezea kwa bei ya ndugu.

Halafu mama mzee akashuka kiti cha mbele.

Mtoto wa kaka yake Opondo akatoa simu, akaonyesha picha. Jiwe la njiwa. OPONDO WA UGENYA, AMELALA HAPA KWA AMANI. Opondo akaeleza kwamba hilo ni la kuonyesha wateja. Hakuna mtu anayekubali jina lake liwekwe kwenye jiwe la maonyesho, na ukiandika la mwenzako watasema unamtakia mabaya. Akaandika lake. Akauliza ni nani alipiga picha. Mimi nikamshusha Ketty mgongoni, nikawa naangalia jino lake.

Mama mzee alisema Kijaluo, yule kijana akitafsiri. Kufa, alisema, watu wote hufa. Kilichomtoa nyumbani ni kusikia mwanawe amefukiwa kwenye mchanga wa Lodwar, kama mtu asiye na boma, na miaka yote hii hajakanyaga kwao. Akampiga kwa mkoba. Akamshika uso kwa mikono yote miwili. Akampiga tena.

Halafu akaamuru. Gari limekuja kuchukua Opondo, halirudi bila Opondo. Opondo akasema ana kazi za watu. Akajibiwa kwamba maiti haombi ruhusa kazini.

Nyuma walikuwa wamemtandikia godoro jipya, bado lina nailoni. Gari halijakata kona, Opondo ameshalala. Nililiangalia lile godoro mpaka vumbi likatulia.

Jumamosi, 17 Novemba

Habari za Opondo zimemfikia Mawien, akapiga simu, lakini hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alisema mradi aliuanza kwa sababu ya kaburi la baba yake mdogo, alilolitafuta miaka, na kwamba mtu akiona picha ile huko mbali anaamini. Nikasema pole, na nilimaanisha. Nililia kidogo. Halafu nikauliza kama kile kitanda kimeshapewa mtu.

Kimepewa Jerotich.

Jioni akaja mwenyewe. Nilitegemea kejeli, nikaletewa mandazi. Akasema, Mama Ketty, mume wangu yuko Lokiriama kikazi, utaniangalizia hawa watatu hadi nirudi? Ningekataa, lakini mandazi nilikuwa nimeshayameza.

Jumatano, 21 Novemba

Watoto wanne. Usiku wanalia kwa zamu. Baba Ketty amegundua ana kazi nyingi ofisini. Jerotich ameandika ujumbe kwamba feni ya Kakuma ina vitufe vitatu, na leo ameamka saa tatu asubuhi.

Niliwatoa watoto kutembea, tukapita kwa Opondo. Uani, kati ya mawe yote, limebaki moja tupu, halijaandikwa. Nikakaa kwenye kile kiti, nikawaza kwa makini nilipokosea. Nimepaona. Nilitumia jina la mtu mwingine.

Kwetu Bungoma mjomba ana pickup. Tangu nijifungue hakuna aliyekuja kuniona. Mama nitampigia simu kwanza, nimweleze asilie. Wengine wacha walie kidogo.

Nimeokota kipande cha makaa, nimeandika jina langu, SYLVIA, kwa herufi kubwa, nimepiga picha safi ya kumtumia mjomba, haina mbuzi. Chini ya jina palibaki nafasi, nikaongeza mstari mmoja.

MJE NA GODORO.