Jani la Sale Nililompa Baba Upendo

Leo nimejiaibisha mwenyewe, bila msaada wa mtu yeyote. Bado nina tope la Kikwe kwenye viatu na tayari nawaandikia, maana nikilala na jambo hili litanipasua.

Upendo mnamfahamu. Kwa msiomfahamu: ndiye ninayetaka kumwoa, na ndiye aliyeanzisha biashara ya kuzungusha wageni taratibu, siku nzima, kuzunguka Mlima Meru. Chakula, mvinyo, na urithi wa enzi ya Mjerumani. Leo ilikuwa safari ya majaribio. Abiria: mimi, baba yake, na Shangazi Ndeshi, dada wa baba yake. Dereva na mwongozaji: Upendo mwenyewe. Mwezi ujao wazee wangu wanapeleka posa, kwa hiyo kazi yangu leo ilikuwa moja tu. Nipendwe na baba yake.

"Leo usibishe," Upendo aliniambia asubuhi pale kwetu Elerai, hata sijafunga mlango wa gari lake, Noah. "Kula, kunywa, itikia."

"Kwani mimi ni mbishi?"

(Ndiyo. Nilianza hapo hapo.)

Tukaanzia Boma, ile ngome ya Mjerumani mjini. Upendo akaeleza ukuta, akaeleza chokaa, mimi nimefunga mdomo kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha akasema Mjerumani aliijenga ngome ile kwa mawe ya hapa hapa.

"Alibeba jiwe gani?" nikauliza. "Waliobeba ni babu zetu, na nyuma yao amesimama mtu na kiboko. Tusimsifie fundi aliyekaa kivulini."

Baba Upendo akanitazama. "Kijana amesoma," akasema.

Nikavimba kichwa. Nilidhani ni sifa!

Momela tukatandika mkeka nje kidogo ya hifadhi, ziwa likionekana chini. Nyama choma, ndizi, mvinyo mwekundu wa Dodoma. Baba Upendo ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa benchi la mbele. Akaonja, akafumba macho. "Kumbe divai ya kanisani huwa wanaiongeza maji," akasema. Shangazi akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

Upendo alikunywa maji tu, kwa kuwa anaendesha. Shangazi akamsukumia glasi, akaikataa. Akamsukumia tena, akaikataa tena. Mimi sikuona chochote hapo, nilikuwa na shughuli. Nilikuwa namweleza baba mkwe mtarajiwa kwamba mila nyingi tunazojivunia ziliandikwa na wamisionari wa Kijerumani, wakabakiza zilizowapendeza. Hizo nyingine, ushahidi uko wapi?

"Ushahidi," Baba Upendo akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Kituo cha mwisho kilikuwa nyumbani kwa mzee, Kikwe. Tukapewa loshoro, mahindi na maziwa mgando, baridi kabisa, na mvinyo wa ndizi. (Mimi mvinyo, Upendo tena maji.) Migomba yote imezungushiwa ua wa sale, ule mmea wa majani marefu ya kijani. Upendo akasimama, akatoa ile sauti yake ya wageni: "Enzi ya Mjerumani, kodi na kazi za lazima ziliwagombanisha majirani. Walipatana kwa jani hili. Ukimpelekea mtu sale umekiri kosa, naye hawezi kukataa kusamehe."

"Hawezi? Nani atamzuia?"

"Mila."

"Upendo, hili ni jani. Mbuzi akilitafuna anasamehewa nini?"

Shangazi akaguna. Mtu mwenye akili angeishia kwenye lile guno. Mimi nikainuka, nikachuma jani. "Tufanye jaribio," nikasema. Nikampelekea Baba Upendo. Kwa mikono miwili. Nikainama (nilitaka jaribio liwe kamili, jamani, nimesoma!).

"Pokea, mzee. Tuone kitakachotokea."

Kuku tu ndio walioendelea na kazi zao. Baba Upendo akaweka kikombe chini. Akavua kofia. Akapokea.

"Nimepokea," akasema. "Na nimekusamehe. Sasa taja kosa."

"Hakuna kosa, baba. Lilikuwa jaribio."

"Mtu hamletei baba wa binti sale kwa jaribio."

Shangazi Ndeshi akajipiga paja. "Nilijua! Tangu Momela nilijua! Mtoto huyu anapenda mvinyo kuliko mchungaji anavyopenda sadaka, leo kutwa anakunywa maji!"

"Shangazi, naendesha gari!" Upendo akapiga kelele.

"Gari limezimwa, mbona wa ndizi umeukataa?"

"Si nitarudi mjini!"

"Rudi, mwanangu. Rudi taratibu, barabara ina mashimo, usimtikise mtoto."

Nikafanya kitu ambacho hata adui yangu asingenishauri. Nikanyoosha mkono, nikaomba nirudishiwe jani.

Shangazi akaupiga mkono. Sale halirudishwi.

"Jumamosi," Baba Upendo akasema, "uje na baba yako. Dume la kondoo na pombe, tumalize kiutu uzima. Hasira sina, si nimeshasamehe?"

Tulipokuwa tunaondoka alikuja mpaka dirishani kwangu, akainama. "Najua hana mimba," akaninong'oneza. "Upendo hawezi kunificha jambo. Ila wewe umenichosha tangu Boma."

"Basi baba, mwambie Shangazi!"

Akageuka kumtazama dada yake. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya migomba na simu sikioni, mkono mwingine unapunga hewani. "Huyo anaongea na kwaya ya akina mama," akasema. "Mimi ni mzee wa kanisa tu. Kwaya siiwezi."

Upendo amenirudisha Elerai kwa mwendo wa gari la maiti. Neno moja tu, nilipokuwa nashuka: "Itikia. Nilikuambia uitikie."

Sasa niko chumbani. Baba yangu yuko sebuleni anaangalia taarifa ya habari, ametulia, miguu juu ya stuli, wala hajui kwamba Kikwe nzima inamwita babu. Atakayecheka kati yenu ndiye atakayekwenda kumwambia.