Nilijua Nani Atarithi Daubrac

Jumatatu, 13 Januari

Roch ameondoka. Miaka minane akiwa mbunifu mkuu wa jumba la mitindo la Daubrac, na tangazo lenyewe mistari mitatu. "Kwa makubaliano ya pande zote." Kantini nzima ilicheka kwa kelele, kisha swali likaanza. Nani sasa?

Mimi nina sababu ya kuuliza. Ninatunza stoo ya vifungo, ghorofa ya nne, mwaka wa ishirini na sita huu. Droo elfu moja na mia mbili. Dirisha refu linalotazama uani. Tangu vuli inasemwa kwamba stoo zote zitahamishiwa Aubervilliers, nje ya mji, kwenye maghala, na kwamba mbunifu mpya ndiye atakayeamua ipi ibaki hapa Paris. Kwa hiyo mbunifu mpya lazima apende vifungo. Hesabu rahisi.

Anayependa vifungo ni mmoja: Ludovica Santarelli wa Milano. Kwenye maonyesho yake ya mwisho aliweka vifungo arobaini na viwili kwenye mkono mmoja wa koti. Mkono mmoja!

Odile Kermarrec, mtunza vitambaa, mlango wa pili kutoka kwangu, anamtaka Joost Verhulst, yule Mbelgiji. Verhulst hatumii vifungo kabisa. Zipu tu, nyeusi. Sishangai. Odile amelitamani dirisha langu miaka kumi na tisa, eti rangi hazionekani vizuri kwake. Ameniambia nipunguze wasiwasi, nitaumwa na tumbo. Maneno ya mtu anayepima mapazia.

Jumanne, 14 Januari

Nimepata wazo nikiwa kwenye metro. Zuri mno hata nimepitiliza kituo.

Mkurugenzi wetu, Bwana de Froissy, anaogopa aibu kuliko kitu chochote. Watu wote wakisema ni Santarelli, atawezaje kumleta mwingine? Basi wote waseme. Nimeliandikia *Sindano*, lile jarida la umbea ambalo kila mtu wa mitindo hapa mjini hulisoma kabla ya kahawa na kulikana baada ya kahawa. Nimeandika kwamba Santarelli ameshatia saini, na kwamba atarudisha heshima ya kifungo cha pembe ya nyati, matundu manne, kilichong'arishwa kwa mkono. Sikuweka jina. Kalamu ya kawaida, bahasha ya kawaida. Siri kamili.

Alhamisi, 16 Januari

Ukurasa wa kwanza! "Santarelli aenda Daubrac." Wameninukuu neno kwa neno, pamoja na pembe ya nyati.

Kantini haikukalika. Mabinti wa chumba cha ushonaji walikuwa wakikumbatiana. Mpishi aliapa kwamba shemeji yake alimwona Santarelli akishuka treni hapa Paris, kituo cha Lyon, kavaa miwani myeusi. Dereva wa Bwana de Froissy hakukanusha, akakohoa tu. Yaani ni kweli! Nilikuwa sijui. Nilipoandika nilidhani natunga, kumbe nilikuwa nahisi. Nina kipaji.

Nikawaambia wote kwamba mimi nilijua tangu Jumanne. Odile aliacha kutafuna, akanitazama kwa muda mrefu. Wivu.

Ijumaa, 17 Januari

Jambo dogo limeharibika.

Wenye jumba lake kule Milano nao husoma *Sindano*. Wamemwita Santarelli jana mchana, wamemwongezea kila alichotaka, na wamemfunga kwa mkataba wa miaka mitano. Picha ipo: anatabasamu katikati ya wazee wawili, kama mateka aliyelishwa vizuri.

Katibu wa Bwana de Froissy amewaambia watu kwenye lifti kwamba mazungumzo naye yalikuwa yamefika mwisho. Siku mbili tu zilibaki. Saini ilikuwa itiwe Jumamosi.

Nilikuwa kwenye lifti hiyo. Nikashuka ghorofa ya pili, nikapanda ngazi. Maharage ya mchana sikuyamaliza.

Sasa Bwana de Froissy anamtafuta aliyevujisha. Amesema akimpata atatoka siku hiyo hiyo, na mkoba wake atarushiwa dirishani.

Jumatatu, 20 Januari

Bwana de Froissy ameanza uchunguzi. Tumeitwa mmoja mmoja. Mezani kwake palikuwa na *Sindano*, na ile sentensi ya pembe ya nyati imezungushiwa wino mwekundu.

Mimi niliulizwa kama nawajua waandishi wa habari. Nikajibu sijui hata kuandika. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Baada yangu akaingia Odile. Yeye akaulizwa waziwazi: ni nani humu ndani anayezungumza kuhusu matundu ya vifungo kama mtu anavyozungumza kuhusu wajukuu? Mlango haukufungwa vizuri, na mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu hapo nje kwa muda. Nilimsikia akijibu kwa sauti ya kuchoka kwamba humu ndani kila mtu huongea hivyo, ndiyo ugonjwa wa nyumba hii, na kama mkurugenzi anataka amfukuze mwenye huo ugonjwa, atabaki peke yake na mlinzi.

Alinikuta kwenye ngazi. Akanishika mkono wa koti.

"Gaétan, wewe ni mpumbavu," akasema taratibu. "Lakini tumekuzoea. Acha haya mambo. Kaa kwenye droo zako, umenisikia?"

Nikamuuliza mambo gani. Akapumua, akaenda zake.

Nimetafakari jioni nzima. Amenikinga ili anishike. Mwanamke huyu hana haraka, ndiyo hatari yake. Dirisha lifungwe kwa komeo.

Jumatano, 22 Januari

Upepo umegeuka. Kila mtu sasa anasema Verhulst. Mpishi ana shemeji mwingine aliyemwona.

Mtu mwenye akili hubadilika mapema. Jana usiku nimekata vifungo vyote vya nguo zangu, nikaweka zipu. Imeniuma, sitaficha, hasa lile koti la kijivu. Asubuhi kantini waliacha kula nilipopita. Nikawaambia kifungo ni kitu cha zamani, mustakabali ni zipu. Hapo zipu ya kizibao ikauma tai yangu, ikapanda nayo hadi kidevuni. Odile alikuja na mkasi wake, akaikata tai. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Saa tano asubuhi mlango wa stoo ukafunguliwa. Mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa nyeusi tii kuanzia viatu hadi kola. Lafudhi ya Kibelgiji. Hakujitambulisha. Watu wakubwa hawajitambulishi.

Verhulst! Kwangu! Kabla ya mtu mwingine yeyote!

Alizitazama droo. Akapima rafu kwa utepe, akaandika. Akapima dirisha. Akauliza, bila kugeuka, kama vitu vyote hivi vinahitajika.

Nikamwambia hapana, bwana, hata kimoja. Takataka za kale. Nikamwonyesha kizibao changu. Nikasema kama ingekuwa juu yangu, vyote vingeondoka kesho, na hewa ya chumba ingekuwa safi.

Akasema, "Mara chache nakutana na mtu mwepesi kama wewe." Akanipa karatasi nitie saini. Nikatia bila kusoma. Nani huanza kusoma mbele ya gwiji?

Ijumaa, 24 Januari

Anaitwa Pieters. Anatoka Ghent, Ubelgiji. Ni mpimaji wa kampuni ya kuhamisha mizigo.

Nimejua saa tatu asubuhi, Bwana de Froissy aliponiita na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema hakutegemea ukomavu kama huu kutoka kwangu. Stoo nyingine zote zimelia na kugoma, mimi peke yangu nimeomba kwa saini yangu niondolewe haraka. Lori linakuja kesho.

Nikajaribu kueleza. Akasema unyenyekevu wangu unamgusa.

Mezani palikuwa na barua nyingine, mwandiko wa Odile, ya tarehe kumi na nne. Niliisoma ikiwa imegeuka juu chini, najua kufanya hivyo. Aliomba vifungo visihamishwe. Chumba kigawanywe: meza yake ndogo karibu na dirisha, droo zangu zibaki ukutani kama zilivyo. "Bwana Lhermitte hatasumbua. Anapiga mluzi tu." Lhermitte ni mimi. Pembeni Bwana de Froissy alikuwa ameandika *sawa* kwa penseli, kisha ameifuta, akaandika *haihitajiki tena*.

Nilirudi juu. Odile alikuwa anakunja hariri. Niliuliza kama anahitaji msaada. Akasema nishike ncha ile. Tukakunja hadi mchana.

Jumanne, 28 Januari

Wametangaza. Benedita Falcato, Mreno, miaka thelathini na saba.

Nani? Hakuna aliyemtaja. Si *Sindano*, si mpishi, si shemeji yeyote. Kantini watu walitazamana kama wageni kwenye arusi isiyo yao.

Alifika saa nne, koti la mvua, nywele zimelowa. Kabla hata hajavua koti akauliza vifungo viko wapi. Anasema alianza kazi kwa kushona vifungo, bado huanza kila nguo kutoka kwenye kifungo. Amesikia habari za stoo ya Daubrac tangu akiwa mwanafunzi.

Tukapanda naye ghorofa ya nne, mimi, Odile na Bwana de Froissy. Chumba kitupu. Alama nyeupe ukutani zilipokuwa droo. Mwanga mwingi sana.

Bwana de Froissy akasema mtunzaji mwenyewe ndiye aliyeshauri, akanielekezea kidole.

Benedita alinitazama. Akaitazama zipu yangu. "Huyu ndiye mtu wa vifungo?" akauliza, kwa upole kabisa.

Nilitafuta mahali pa kuweka mikono. Mifuko nayo nilikuwa nimeitia zipu.

Jumatatu, 3 Februari

Aubervilliers. Ghala namba sita. Dirisha lipo, juu karibu na dari, ukubwa wa kitabu. Droo zimepangwa ovyo: shaba kwenye lulu, lulu kwenye mbao. Nilikaa kwenye sanduku, nikavua kofia, nikaivaa tena.

Saa saba Odile akatokea. Amebadilisha treni mara mbili, ana mkate, jibini, na chupa ya kahawa. Tumebandika majina kwenye droo hadi vidole vikafa ganzi. Hajawahi kukosea tofauti ya pembe na mfupa. Sikuwa najua.

Akanieleza hali ilivyo. Benedita hakasiriki muda mrefu. Atatuma gari la kuchukua vifungo kila wiki. Odile humwona kila siku, na ameshamwambia kwamba mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kwa hofu, si kwa ubaya. Chumba bado kitupu. Nikitulia hadi kiangazi, nitarudishwa.

"Miezi mitano, Gaétan. Usiandike, usinong'one, usikonyeze mtu. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Akanitazama usoni.

"Niapie."

Nikaapa. Nilimaanisha. Alipoondoka nilibaki mlangoni hadi alipopinda kona.

Alhamisi, 6 Februari

Siku tatu za ukimya kamili. Nimefikiri vizuri, bila hofu, kama mtu mzima.

Miezi mitano ni mingi. Itakuwaje Benedita akiondoka kabla? Mlinzi wa ghala anasema gari lilipokuja jana dereva alimwambia kwamba bosi mpya alionekana na mawazo. Na mawazo ya watu kama yeye ni mawili tu: kubaki au kwenda.

Lakini mambo ya Santarelli yamenifundisha. Milano walifanya nini waliposikia anataka kuchukuliwa? Walimfunga miaka mitano. Basi Daubrac nao wakisikia Benedita anatakiwa kwingine, watamfunga vilevile, naye atakuwa na mtu mmoja tu wa kumshukuru: mimi. Ajabu sikuliona hili mapema.

Nimewaandikia *Sindano*: Falcato anazungumza kwa siri na jumba kubwa la Milano. Safari hii sikutaja kifungo hata kimoja. Na kwa kuwa habari isiyo na chanzo haina uzito, nimewapa chanzo ambacho hakuna atakayekitilia shaka, mtu mkweli kuliko wote ninaowajua. Nimeandika jina lake lote, na cheo chake, na kwamba humwona Benedita kila siku.

Barua imeondoka saa nne. Saa sita Odile amepiga simu kuuliza siku inakwendaje. Nikamwambia kimya, kimya kabisa. Akasema ananionea fahari.

Jumatatu atajiona ukurasa wa kwanza. Sijamwambia. Nataka iwe zawadi.