Mnara Wangu na Kabari ya Mwaloni

Jumatatu, 3 Oktoba 1927

Mchoraji amefika. Mwanamke, anatoka Filadelfia, jina lake Bi Thorley. Ameshusha mizigo yake kando ya reli, mbele ya minara ya kuhifadhia nafaka. Minara iko miwili. Wa kushoto nimeujenga mimi, Ammon Kratzer, kwa zege tupu, na hakuna wa kuuzidi kutoka hapa hadi mtoni. Wa kulia ameujenga Tilghman Rauch. Huo nao umesimama.

Kaketi mbele ya wangu. Jicho analo.

Anasema picha itatundikwa Filadelfia, na chini yake kibao chenye jina la mjenzi. Jina langu, Filadelfia! Nilimweleza mke wangu, Sabina. Akaacha kumenya matofaa akaniuliza kama huyo mama ameutazama mnara vizuri. Nikamwambia anautazama tangu asubuhi. Akasema basi atauona tu.

Najua alikuwa ana maana gani. Watu wa hapa wana midomo. Wanadai mnara wangu umelalia upande wa reli. Wanalisema hilo tangu siku tulipobandua mbao za kumiminia zege. Haujalala. Wao ndio wanasimama pabaya.

Rauch kila akikutana nami lazima anichokoze: "Mzee Ammon, lete timazi tuining'inize pale juu, tumalize ubishi." Namjibu timazi yangu, kamba na risasi yake ya kupimia wima, imepotea. Imepotea ndani ya buti la zamani, darini, chini ya blanketi.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimekwenda kuona anavyofanya. Mambo ya ajabu.

Kwanza, anatumia rula. Mimi nimepaka rangi maghala maisha yangu yote, na brashi yangu lazima iache mistari kama reki shambani. Yake haiachi kitu. Kitambaa anachochorea kinabaki laini kama sahani iliyooshwa. Nilikiinamia hadi pua ikakaribia kushika rangi, nikitafuta brashi ilipopita. Sikuona.

Pili, treni ya makaa ilipita ikatufukiza sote tukakohoa. Kwenye picha, hakuna moshi. Nikamwuliza moshi wangu uko wapi. Akasema moshi unapita, mnara haupiti. Njiwa je? Hakuna. Ngazi ya chuma? Ameitoa. Bomba la kumwagia mahindi? Nalo amelitoa. Nikamwambia bila bomba watu watakula nini. Akacheka, akaendelea na rula yake.

Nilikaa pale hadi kabichi chachu yangu ikapoa nyumbani. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Alasiri nikavaa kofia ya kanisani nikasimama mlangoni pa mnara, kifua mbele. Mjenzi na kazi yake. Nikasimama mpaka goti likalia. Kwenda kutazama: mlango upo, mimi sipo. Nikamwuliza kwa adabu. Akasema, "Mzee wangu, sura yako nzuri, lakini picha hii haina watu." Nikamwambia itakuwa naye mmoja tu, tena mwembamba. Akakataa.

Jumatano, 5 Oktoba

Mtu hamtaki. Haya, jina.

Nimeamka mapema nikachukua chokaa, nikaandika KRATZER ukutani, herufi za urefu wa ng'ombe. Bi Thorley akaja, akakunja uso, akakaa, akachora ukuta mtupu. Kama vile jina langu ni moshi!

Rauch akapita na toroli. Akaniuliza nimeandika jina ili mnara usipotee, au ili mimi nikipotea nirudishwe hapo. Nikamjibu wake hata ukipotea hakuna atakayeuulizia. Akaenda zake anapiga mluzi. Mluzi wenyewe mbovu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Usingizi umenikataa. Nimefikiri jambo. Mtu mwenye rula ni mtu wa hatari. Rula ikisema mnara umelala, Filadelfia nzima itasema umelala, na jina langu litakuwa pale chini likisubiri kuchekwa.

Haujalala. Lakini tahadhari si kosa.

Nikachonga kabari ya mwaloni. Picha imekaa kwenye fremu ya miguu mitatu. Ukiinua mguu mmoja, kitambaa kinalala upande huo huo ambao mnara, kwa maneno ya wenye wivu, umelalia. Kitambaa kimelala, mnara umelala, mnara unatoka umenyooka. Hesabu hii haijafundishwa shule yoyote. Nimeitoa kichwani mwangu.

Sabina akamwita Bi Thorley jikoni kwa kahawa na pai ya molasi. Nikapenyeza kabari. Kikombe cha brashi kiliteleza kidogo, basi. Akarudi, akautazama mguu wa fremu, akanitazama mimi, akaketi. Hakugundua kitu.

Jumamosi, 29 Oktoba

Picha imekwisha. Imewekwa mezani ukumbi wa zimamoto, kwenye chakula cha jioni cha kanisa, ili watu waione kabla haijapanda treni.

Nilisukuma watu nikafika mbele. Nikavua kofia. Mimi.

Mnara umesimama mweupe, kivuli kimekatwa kama kwa kisu, anga nyuma yake haina hata doa. Umenyooka! Hivyo hasa ndivyo nilivyouona kichwani kabla hatujamwaga ndoo ya kwanza. Sikumwambia mtu yeyote nilivyouona. Huyu mama ameujuaje?

Kisha mchungaji akauliza kibao kiandikwe jina la nani. Bi Thorley akasema, kwa kweli, ameutazama huu na ule, ametoa hiki na kile, sasa hana uhakika umebaki upi. Watu wa hapa ndio waseme.

Ukumbi mzima ukasema, kwa sauti moja, ni wa Rauch.

Nikauliza kwa nini. Wakasema, Mzee Ammon, si unaona? Umenyooka.

Nikasema wangu pia umenyooka. Rauch, mdomo umejaa kuku, akasema hilo dogo, Ammon akalete timazi. Nikasema imepotea. Na Sabina, mke wangu wa kanisani, akasema iko ndani ya buti darini, yeye huitumia kukandamizia kabichi.

Nilikuwa na njia moja. Nikapanda juu ya benchi. Nikasema mbele ya mchungaji, mbele ya Rauch, mbele ya kuku: mnara wangu umelala. Umelalia upande wa reli. Umelala tangu siku ya kwanza. Na huo kwenye picha ni wangu, umenyooka kwa sababu mimi niliunyoosha, kwa kabari.

Halafu wakacheka hadi taa zikatikisika.

Bi Thorley hakucheka. Akafungua mkoba, akatoa kabari yangu, akanikabidhi. Alisema aliitoa siku ile ile, na tangu hapo amekuwa akizuilia nayo dirisha la chumba chake. Akasema yeye hunyoosha kila kitu, mzee wangu, nisijisumbue.

Kibao kimeandikwa T. RAUCH. Rauch alinishika bega akasema amesubiri kusikia maneno yale tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwamba nije kwake Jumatatu tucheze karata. Nikamwambia karata zake nazo zimelala.

Jumapili, 30 Oktoba

Sikwenda kanisani. Goti.

Nimekaa mbele ya mnara nikautazama kwa jicho moja, kisha la pili. Umenyooka. Ya jana yalisemwa na njaa.

Bi Thorley ni mtu mwema ila hajui kabari. Anadhani aliitoa. Kabari ya mwaloni ikishakaa chini ya kitu inakiachia tabia yake, fundi yeyote atakwambia. Imefanya kazi. Kosa lilikuwa moja tu, unene. Mnara ulinyooka kupita kiasi, wajinga wakashindwa kuutambua.

Sabina anasema huyo mama atarudi majira ya kuchipua kuchora tangi la maji. Tangi limejengwa na mimi. Nimetoa randa, nimeanza kuipunguza kabari. Safari hii nyembamba kidogo, linyooke, lakini lijulikane ni langu.