Leza na Pazia la Mkasi

Jumatatu, 3 Machi
Pazia tena! Nikivua miwani, nashona. Nikiivaa, natazama mbali. Mtaa mzima unajua. Leo nimeipachika tu puani, fundi wa ng'ambo ya barabara, Mkasi, akavuta pazia la duka lake, eti naiba mitindo yake. Kisha akamwambia mteja wake, kwa sauti nisikie, kwamba Chupa ameamka. Chupa ni mimi, kwa unene wa vioo vyangu. Mshenzi.

Dada amesema gauni la harusi la binti yake atalishona fundi mwenye mtindo mpya. Mitindo mipya yote iko mezani kwa Mkasi. Lakini mjomba ni mimi! Nguo ya kwanza ya mtoto yule niliishona mimi. Leo nashindanishwa na jirani.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa nimeipata. Kliniki ya macho wana leza, mwanga mkali unaosawazisha jicho juujuu. Hakuna kisu, hakuna chombo kinachogusa jicho. Nitamtazama Mkasi kwa macho matupu, wala hatajua!

Daktari, mama mmoja mpole, alieleza mengi. Alisema kwa umri wangu, nikiona vizuri vya mbali, vya karibu vitanisumbua. Niliitikia. Nilikuwa nawaza kola.

Nimeuza cherehani ya kudarizi. Mke wangu nimemwambia imepelekwa kutengenezwa.

Jumanne, 11 Machi
Nimelazwa chini ya mashine, nikaambiwa niikodolee macho taa ya kijani. Pakanuka kama nywele zinaungua. Mara, kwisha! Hakuna aliyenigusa. Nimejicheka kwa woga wangu.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna aliyenigusa, lakini naungua. Pilipili tupu! Naandika kwa kupapasa, dirisha limezibwa kwa taulo, machozi yanaingia masikioni. Mke wangu ananitia matone na maneno. Habari za cherehani amezipata. Amesema mficha uchi hazai.

Dada alikuja kunijulia hali. Nikamwomba gauni lisubiri kidogo, ukungu utaondoka. Akasema harusi haina ukungu. Lakini kitambaa ameniachia. Damu nzito.

Jumamosi, 5 Aprili
Naona! Naona pini mdomoni mwa Mkasi! Pazia wazi, hana habari. Nimeona shingo za magauni yake, marinda, mkato wa mgongo, yote. Nimekata satini ya dada papo hapo, kisha nikashika sindano.

Sindano haina tundu. Nikachukua nyingine. Nayo haina. Ya tatu ikanichoma, tone la damu likadondokea kifuani mwa gauni.

Jumatatu, 7 Aprili
Daktari amenikumbusha, taratibu, kwamba alinieleza. Amenipa miwani ya kuonea karibu. Miwani!

Dada amekuja kuchukua kitambaa. Hakugomba. Afadhali angenitukana. Nimemtazama akivuka barabara nacho hadi mlangoni kwa Mkasi, nikauona hata uzi uliokuwa unaning'inia. Nimelia, na safari hii si leza.

Jumamosi, 12 Aprili
Balaa. Siku hizi nikivaa miwani, nashona. Nikiivua, natazama mbali. Mkasi ameshang'amua. Leo nimeivua tu, pazia hilo! Na gauni la mpwa wangu liko nyuma yake.

Jumatatu, 14 Aprili
Akili ni nywele! Nimeing'oa miwani vioo, nimebaki na fremu. Nikiivaa, Mkasi anadhani nashona. Mke wangu ameuliza sasa nitashona kwa miwani gani. Wanawake hawaelewi mipango.

Nimeivaa, nikainamia cherehani, nikainua macho kidogo. Pazia wazi! Mpwa wangu yumo ndani, anajaribishwa gauni. Amependeza. Pale kwenye tone langu, Mkasi ameshona ua. Mjanja yule, ua hilo nitaliiga.

Mara binti akageuka dirishani, akanipungia mkono. Akapunga tena, anacheka, anashika gauni nilione.

Sikumpungia. Ningempungia, Mkasi angejua kwamba naona.