Uzinduzi wa Upimaji wa Mwamba wa Pweza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, Mheshimiwa Mwenyekiti mstaafu, Mheshimiwa unayetarajia kuwa Mwenyekiti, masheikh wetu, padri wetu, kina mama wachokoa pweza mashuhuri wa pwani hii ya Kilwa, na ndugu zetu wa Likawage mlioletwa na lori kuja kupiga makofi (makofi), itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. Assalamu alaykum! Tumsifu Yesu Kristo! Na msioitika kote kuwili, hamjambo!

Mimi, Eusebio, Mratibu Mkuu wa Mradi Shirikishi wa Kupima Matumizi ya Rasilimali dhidi ya Kikomo cha Ikolojia Kikanda, nina furaha mpaka tai inanikaba. Miezi mitatu iliyopita niliwaambia fungeni mwamba, mtu asiguse pweza, mpaka tupime ninyi mnachukua kiasi gani na bahari inamudu kutoa kiasi gani. Mkafunga! (vigelegele) Mkashindia mchicha! (miguno) Huo ndio uzalendo, na aliyeubuni ni mimi.

(Bi Kibibi, kiongozi wa wachokoa pweza, anasimama na kijiti chake mkononi: "Bwana Mratibu, leo bamvua. Maji yamekupwa, mwamba uko nje. Yakijaa tena tumekosa. Tufungulie, baba.")

Ahsante, mama yangu Kibibi, kwa mchango huo, nitaujibu katika sehemu ya nne ya hotuba, sasa tuko ya kwanza. Ndugu wananchi, kwa mujibu wa data, fremuweki na tathmini yakinifu, matumizi yenu ya pweza kwa miezi hii mitatu ni asilimia sifuri, na kikomo ni asilimia mia, kwa hiyo mko chini ya kikomo kwa kiwango ambacho dunia haijapata kukiona (makofi ya lori), na nikijumlisha mikoko ya hapa na mipingo ya Likawage, nikagawanya kwa semina nilizohudhuria, Lindi nzima inang'ara!

("Maji yanarudi!" Kina mama wanajifunga kanga viunoni.)

Tulieni! Mwamba utafunguliwa mara tu upimaji utakapokamilika.

(Naima, mkwe wa Bi Kibibi: "Upimaji upi? Miezi mitatu hapa hatujaona hata fundi wa kupima suruali!")

Swali zuri sana! Utakamilika ukishaanza.

(Kicheko. Kina mama wanateremka ufukweni mbio na vijiti vyao. Watu wa Likawage wanaacha makofi, wanawafuata.)

Mnawaona? Mnawaona wataalamu wetu wakielekea eneo la mradi? Upimaji hoyee! Kikomo hoyee! Pweza hoyee! (Anaitikia anayetarajia kuwa Mwenyekiti, peke yake.) Basi nawashukuru kwa dhati kwa kuuanzisha mradi huu, ambao hata mimi wazo lake ndiyo kwanza linanijia, hapa hapa jukwaani. Na mkirudi, jamani, msinisahau: mniwekee sampuli moja. Ya nazi.